Kisahani cha Taya: Umbo Lake, Kuchakaa Kwake na Kutengenezwa Kwake

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule yetu ni kiungo gani cha mwili kinachofanya kazi mara nyingi zaidi, naye atakujibu upesi kuwa ni goti, au bega, au kiwiko. Wachache sana watataja taya. Walakini goti hupumzika tunapokaa darasani, na bega hupumzika tunapolala. Lakini taya hufanya kazi tukila, tukisema, tukiimba, tukipiga miayo, na hata usingizini tunapomeza mate. Hatulifikirii mpaka siku linapoanza kualika, kuuma au kukwama. Hapo ndipo mtu anapohangaika, na katika kuhangaika kwake huweza kutafuta dawa isiyomfaa: hung'olewa jino zima lisilo na kosa, au hutiwa dawa katika sikio lisilo na ugonjwa.

Katika makala haya nataka kueleza sehemu moja tu ya kiungo hicho, nayo ni kisahani kidogo kilicho katikati yake. Nitaeleza jinsi kilivyoumbwa, jinsi kinavyochakaa, na jinsi madaktari walivyojaribu kukitengeneza, mara nyingine wakifaulu na mara nyingine wakishindwa vibaya. Mwisho nitataja mambo yatupasayo sisi wanafunzi, pamoja na wazazi na walimu wetu.

KIUNGO KILIPO

Weka ncha za vidole vyako mbele kidogo ya matundu ya masikio, kushoto na kulia, kisha fungua kinywa polepole. Utahisi kitu kigumu kikizunguka chini ya ngozi, halafu kikitoka mahali pake na kuja mbele. Funga kinywa, nacho kitarudi. Kitu hicho ni kichwa cha taya la chini. Kila upande wa taya huinuka kwenda juu kama mhimili, na kileleni pake kuna kichwa cha mviringo, kipana kutoka kushoto kwenda kulia kuliko kutoka mbele kwenda nyuma.

Kichwa hicho hukaa katika kishimo kilicho chini ya mfupa wa panja, ambao ni mmoja wa mifupa ya fuvu. Mbele ya kishimo hicho mfupa huo hufanya kituta kidogo. Kinywa kikiwa kimefungwa, kichwa cha taya kimetulia katika kishimo. Kinywa kikifunguliwa sana, kichwa huteremka juu ya mteremko wa kituta mpaka karibu na kilele chake.

Yafaa kukumbuka kwamba taya la chini ni mfupa mmoja wenye viungo viwili. Ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja: mmoja akichechemea, mwenziwe hawezi kwenda sawa. Kwa hiyo kiungo cha kulia kikiharibika, cha kushoto nacho hupata taabu.

Kiungo hiki kina miendo miwili. Mwendo wa kwanza ni wa kuzunguka, kama mlango juu ya bawaba. Mwendo wa pili ni wa kuteleza, kama mtoto wa meza anapovutwa na kurudishwa. Tunapoanza kufungua kinywa, kichwa cha taya huzunguka zaidi. Tunapoendelea kukifungua, kuteleza huzidi. Mtu mzima mwenye afya aweza kufungua kinywa kiasi cha milimita 40 hadi 55 kati ya meno ya juu na ya chini ya mbele. Ukitaka kujipima bila rula, simamisha vidole vyako vitatu vya katikati, kimoja juu ya kingine, kati ya meno yako ya mbele. Watu wengi vitawaingia, au vitakaribia kuingia.

Wanyama hawakupewa kiungo cha namna moja. Chui na paka wana kichwa cha taya kilicholala kama fimbo katika mfereji wa mfupa, nacho huzunguka kama bawaba tu. Kazi yao ni kukamata na kukata nyama. Mbuzi na ng'ombe wana kichwa bapa zaidi, na taya lao huenda upande kwa upande ili kusaga majani. Mwanadamu hula nyama na mboga na nafaka, na kiungo chake chaweza kufanya kazi za namna zote mbili kwa kiasi. Lakini kiungo kilichopewa uhuru mwingi huwa pia na nafasi nyingi za kuharibika.

UMBO LA KISAHANI

Sasa tazama jambo la ajabu. Kichwa cha taya ni cha mviringo, na kituta ambacho kichwa hicho hutelezea juu yake nacho ni cha mviringo. Chukua mayai mawili uyagusanishe ubavu kwa ubavu. Utaona kuwa yanagusana mahali padogo sana. Kama mifupa hii miwili ingegusana hivyo, nguvu zote za kutafuna zingeangukia pale padogo, na mfupa ungelika upesi. Maumbile yamezuia jambo hilo kwa kuweka kisahani katikati.

Akina mama wanapobeba mtungi au tenga kichwani hutanguliza kata, yaani ule mviringo wa nguo au majani uliosokotwa. Kata huwa nene pembeni na nyembamba katikati, nayo hufanya kazi tatu: hugawanya uzito, huzuia mzigo usiviringike, na huulinda utosi. Kisahani cha taya ni kata ya namna hiyo. Kimebonyea juu na chini. Ukingo wake wa nyuma ndio mnene zaidi, kama milimita 3 hivi. Ukingo wa mbele ni kama milimita 2. Na katikati ni kama milimita 1 tu. Pale penye wembamba ndipo kichwa cha taya kinapopaswa kukaa wakati wote, kiwe kimetulia au kinakwenda.

Kisahani kimefungwa kwa kano fupi katika pande mbili za kichwa cha taya, upande wa nje na upande wa ndani. Kwa hiyo kichwa kinapoteleza, kisahani hufuatana nacho, kama kofia inavyofuatana na mwenye kuivaa. Mbele yake kuna msuli ambao nyuzi zake kadha hushikamana nacho. Nyuma yake kuna nyama laini, yenye mishipa mingi ya damu na ya fahamu, ambayo hujaa mahali palipoachwa wazi kichwa kinapokwenda mbele.

Kisahani hiki hukigawa kiungo katika vyumba viwili visivyowasiliana. Katika chumba cha chini, kati ya kisahani na kichwa cha taya, hufanyika mzunguko. Katika chumba cha juu, kati ya kisahani na fuvu, hufanyika mtelezo. Hivyo miendo miwili hufanywa kwa wakati mmoja pasipo mmoja kuuzuia mwingine. Katika vyumba vyote viwili mna ute kidogo, mwembamba na wenye utelezi mwingi, ambao hufanya kazi ya mafuta katika mashine.

Je, kisahani kimefanywa kwa kitu gani? Kimefanywa kwa gegedu lenye nyuzi nyingi. Sehemu kubwa ya uzito wake, zaidi ya theluthi mbili, ni maji. Katika sehemu iliyobaki, nyingi ni nyuzi za kolajeni, ambazo ndizo zinazoifanya kano na ngozi yetu kuwa imara. Nyuzi hizo hazikutupwa ovyo. Katikati ya kisahani zimepangwa kutoka mbele kwenda nyuma. Pembeni zimezunguka mduara mzima. Aliyewahi kumtazama fundi akisuka ungo atafahamu mara moja: nyuzi za katikati huvumilia mvuto, na utepe wa ukingoni huzuia zote zisifumuke.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo mzizi wa taabu yote nitakayoieleza. Sehemu ya katikati ya kisahani haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa mishipa ingepondwa kila tunapotafuna, nasi tungelia kila mlo. Lakini lina gharama yake. Kidonda cha mguu hupona kwa sababu damu hukiletea chakula na chembe za kutengeneza. Kisahani hakina msaada huo. Chakula chake hukipata katika ule ute, unaoingia na kutoka ndani yake jinsi kinavyokandamizwa na kuachiwa, kama sifongo ndani ya maji. Kwa hiyo kikichanika katikati, hakiungani upesi kama ngozi inavyoungana. Mara nyingi hakiungani kabisa.

JINSI KINAVYOCHAKAA

Taabu inayotokea sana ni kisahani kuhama mahali pake. Zile kano zinazokifunga hulegea au huvutika, na kisahani huteleza kwenda mbele, mara nyingi mbele na ndani kidogo. Sasa kinywa kikiwa kimefungwa, kichwa cha taya hakikai tena juu ya sehemu nyembamba. Kinakaa nyuma ya ule ukingo mnene, juu ya nyama laini. Kata imeteleza, na mtungi umekalia utosi.

Mwanzoni, mtu anapofungua kinywa, kichwa huja mbele, huruka juu ya ukingo mnene, na kuangukia tena mahali pake pa haki. Mruko huo ndio unaofanya sauti ya kualika, ambayo mara nyingine hata jirani mezani huisikia. Anapofunga kinywa, kichwa huteleza tena nyuma, na pengine hualika mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi.

Baadaye, kwa watu wachache, kisahani hukataa kurudi. Kichwa hukisukuma mbele lakini hakiwezi kukiruka. Kisahani huwa kama kabari iliyowekwa chini ya mlango. Hapo kualika hukoma ghafula, na mgonjwa hufurahi, kumbe kinywa chake hakifunguki tena sawasawa. Badala ya vidole vitatu huingia viwili, au pungufu. Kidevu nacho, anapofungua kinywa, huenda upande wa kiungo kilichokwama, kwa sababu upande mzima unateleza na mwingine hauendi.

Ikiwa hali hiyo itaendelea pamoja na kubebeshwa mzigo mkubwa, kisahani hupoteza umbo lake. Hujikunja, hukauka, nyuzi zake hukatika, na mara nyingine yeye mwenyewe au ile nyama ya nyuma hutoboka. Mifupa hukutana, na kila mwendo hutoa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekanyaga changarawe. Ute nao hupungua utelezi, na ndani ya kiungo hutokea vitu vinavyokula nyuzi za kolajeni.

Msomaji asiogope lakini. Si kila anayeanza katika hatua ya kwanza hufika ya mwisho. Walio wengi hawafiki. Madaktari walipowapiga picha watu wazima wasiokuwa na maumivu yoyote, kwa mashine ya MRI, waliona kuwa karibu mtu mmoja katika kila watatu ana kisahani kilichohama, naye hana habari. Kwa hiyo taya linaloalika pasipo kuuma si ugonjwa wa kuhangaikia. Ni kama mlango unaolia bawaba lakini unafunga na kufunguka vizuri.

Sababu za kuchakaa ni nyingi, na mara nyingi zaidi ya moja hukutana kwa mtu mmoja. Ya kwanza ni pigo la kidevuni au shavuni: kuanguka kwa baiskeli, kugongana mpirani, ngumi, au kofi. Ya pili ni kukifungua kinywa mno au kwa muda mrefu. Ya tatu ni kubana au kukereza meno, mchana katika mawazo na usiku katika usingizi. Jambo hili huongeza mzigo juu ya kiungo, ijapokuwa si kila anayekereza meno huharibika taya. Ya nne ni kuwa na viungo vilegevu kwa kuzaliwa. Ya tano ni ugonjwa wa baridi yabisi, ambao huweza kuingia taya kama unavyoingia vidole. Wanawake ndio wanaokwenda hospitali kwa taabu hii zaidi kuliko wanaume, na wengi wao wana umri kati ya miaka 20 na 40.

Maumivu ya kiungo hiki ni mdanganyifu. Kwa kuwa kiungo kiko karibu mno na tundu la sikio, na neva inayohudumia taya huhudumia meno pia, mgonjwa huweza kuapa kwamba sikio ndilo linalouma, au jino. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa St. Louis huko Marekani, aliandika juu ya wagonjwa waliolalamikia masikio ilhali taabu ilikuwa katika taya. Yeye alidhani sababu yake ni kupotea kwa meno ya nyuma, hata taya likarudi nyuma na kuibana neva. Wachunguzi wa maumbile ya mwili waliomfuata walionyesha kuwa maelezo hayo ya kubanwa kwa neva hayakuwa sahihi. Hata hivyo aliwaamsha madaktari wa masikio na wa meno watazame kiungo ambacho wengi walikuwa wakikipita.

JINSI WATU WALIVYOJARIBU KUKITENGENEZA

Kurudisha taya lililoteguka, yaani lililobaki wazi lisiweze kufungwa, ni utaalamu wa kale sana. Katika mafunjo ya Misri yaliyoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo imeelezwa kwamba mganga aingize vidole gumba kinywani, vidole vingine viwe chini ya kidevu, alisukume taya lirudi. Hata leo madaktari hufanya karibu vile vile. Lakini kisahani chenyewe hakikuguswa kwa kisu cha mpasuaji mpaka karne ya kumi na tisa. Mwaka 1887 Thomas Annandale, mpasuaji wa Edinburgh, alitangaza jinsi alivyofungua kiungo, akakivuta kisahani kilichohama, na kukishona mahali pake.

Baada yake wapasuaji wengine walikwenda mbele zaidi: walikiondoa kisahani chote. Wagonjwa wengine walipata nafuu ya kudumu, na mifupa yao ikajirekebisha ikawa bapa kidogo ili kukutana vizuri. Lakini wengine mifupa yao ilikwaruzana. Ndipo likaja swali: kwa nini tusitie kisahani cha bandia?

Swali lilikuwa jema, lakini jibu lilileta msiba. Kampuni moja ya Houston, Marekani, iitwayo Vitek, ilitengeneza visahani kwa vitu viitwavyo Proplast na Teflon. Teflon ni kile kitu kinachopakwa katika vikaango ili chakula kisigande, na ilionekana kuwa utelezi wake utafaa katika kiungo. Mwaka 1983 vikaruhusiwa kuuzwa huko, kwa hoja kwamba vilifanana na vitu vilivyokuwa vikiuzwa tayari. Wagonjwa maelfu wakawekewa. Lakini kikaango hakitafuni. Chini ya uzito wa taya, visahani vile vilichanika na kumomonyoka vikawa vipande vidogo vidogo mno. Mwili ukavishambulia vipande hivyo kama adui, na katika vita hivyo ukaula mfupa wake wenyewe. Wengine walibaki na mifupa iliyolika vibaya kuliko kabla ya kupasuliwa, na maumivu yasiyokwisha. Mwaka 1990 kampuni ikafilisika, na serikali ya Marekani ikavikamata visahani vilivyobaki na kuwaonya madaktari na wagonjwa.

Nimeleta habari hii makusudi, kwa sababu ina fundisho kwa kila mwenye kusoma sayansi. Kitu kinachofaa mezani huenda kisifae ndani ya mwili, na kufanana na kitu kingine si ushahidi wa kufaa. Hapana kinachochukua nafasi ya kujaribu kwa uangalifu na kwa muda wa kutosha.

Wakati huo huo wengine walifuata njia ya upole. Mwaka 1975 Masatoshi Ohnishi wa Ujapani alieleza jinsi ya kutazama ndani ya kiungo cha taya kwa darubini nyembamba inayopenya katika tundu dogo. Wapasuaji waliotumia darubini hiyo waligundua jambo wasilolitazamia: kuosha tu ndani ya kiungo na kuachanisha vilivyogandamana kuliwafungua vinywa wagonjwa wengi. Kisha mwaka 1991 Dorrit Nitzan na wenziwe walionyesha kwamba hata darubini si lazima. Sindano mbili zatosha: maji safi ya chumvi huingizwa kwa moja katika chumba cha juu na hutoka kwa nyingine. Wagonjwa waliokuwa wamekwama waliweza kufungua vinywa vyao.

Na walipopigwa picha baadaye? Mara nyingi kisahani kilikuwa bado pale pale kilipohamia. Hakikurudi, lakini mgonjwa alikuwa akila. Hili liliwafundisha madaktari kwamba kukirudisha kisahani mahali pake si sharti la kupona. Ile nyama laini ya nyuma, ikikandamizwa kwa kiasi, huweza kubadilika polepole, mishipa yake ikapungua na nyuzi zake zikazidi, hata ikafanya kazi kama kisahani cha pili. Mfupa nao hujichonga upya. Gegedu la katikati haliwezi kujishona, lakini kiungo kizima chaweza kujizoeza.

Hata hivyo wako ambao kisahani chao kimetoboka na viungo vyao haviwezi kujizoeza. Kwa ajili yao wapasuaji hutumia kipande cha msuli wa panja, au mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, kuwa kizuizi kati ya mifupa. Walioharibika kabisa huwekewa kiungo kizima cha chuma na plastiki ngumu. Na wataalamu wengine wanajaribu kuotesha gegedu jipya. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, akiwamo Kyriacos Athanasiou, walitangaza kwamba walichukua chembe za gegedu la ubavu wa nguruwe, wakazikuza katika maabara mpaka zikawa utando imara, kisha wakazitia ndani ya visahani vya nguruwe wengine wadogo vilivyopunguzwa unene kwa makusudi. Majeraha yale yalizibika vizuri zaidi kuliko yale yaliyoachwa bila kutiwa kitu. Nguruwe alichaguliwa kwa sababu kisahani chake hufanana sana na cha mwanadamu. Hiyo bado si dawa ya kawaida hospitalini, na baada ya yale ya Vitek ni haki watu wasikimbilie. Lakini ni tumaini.

YATUPASAYO

Mwaka 2023 kundi la wataalamu lilitoa mwongozo katika jarida la BMJ la Uingereza juu ya maumivu ya taya yanayodumu. Waliyoyasifu zaidi si kisu wala kifaa cha bei kubwa, bali mazoezi ya taya, kunyooshwa taya na mtaalamu wa viungo, na mashauri ya kumsaidia mgonjwa atulize fikra na kuyamudu maumivu. Waliwaonya watu juu ya kukiondoa kisahani na juu ya vifaa vya meno vinavyobadilisha kuumana kwa meno daima. Haya ni maneno ya kututia moyo sisi tulio mbali na hospitali kubwa, maana sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwetu.

Basi, ukiwa na taya linaloalika lakini haliumi, liache. Usilialishe makusudi ili kuwachekesha wenzako bwenini.

Likiuma, lipumzishe kwa siku kadha. Kula uji, wali, viazi au ndizi zilizopondwa; acha miwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu mpaka nafuu ije. Kata chakula vipande vidogo. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisifunguke kupita kiasi. Walakini usilifunge taya lisiende kabisa, kwa maana kisahani hupata chakula chake kwa mwendo. Lifungue na kulifunga polepole, kwa kadiri isiyoumiza, mara kadha kwa siku.

Tuache kabisa kufungua chupa za soda kwa meno na kutafuna kalamu. Na wakati wa mitihani tujichunguze: je, meno yangu yamebanana hapa nilipo? Taya lililopumzika huwa na midomo iliyofungwa na meno yaliyoachana kidogo. Ukiyakuta meno yako yamebanana juu ya hesabu ngumu, yaachanishe. Hesabu haiwi nyepesi kwa kuibana.

Wazazi wetu tunawaomba jambo moja. Mtoto akilalamikia jino, na jino halina tundu wala ufizi haukuvimba, msikubali ling'olewe kabla daktari wa meno hajatazama kiungo cha taya. Jino likiisha kung'oka halirudi, na maumivu yakibaki mtakuwa mmepata hasara mbili. Na walimu wetu, pamoja na wakubwa wote, tunawakumbusha kwa heshima kuwa kofi la shavuni huangukia kiungo hiki hiki, na ngoma ya sikio iko jirani yake. Mtoto huweza kusahau kosa alilopigiwa, lakini taya lake lisisahau.

Kuna dalili zisizongoja. Mtu aliyepigwa na meno yake hayakutani tena kama zamani, huenda amevunjika taya. Kinywa kilichobaki wazi kisifungike kinahitaji daktari siku hiyo hiyo. Uvimbe wenye homa nao usicheleweshwe. Zaidi ya yote, mtu ambaye taya lake linakaza, misuli ya shingo inakakamaa, na hasa ikiwa alipata jeraha la msumari, mwiba au jembe katika siku au majuma yaliyopita, huyo asidhaniwe ana taabu ya kisahani. Huenda ana pepopunda, ugonjwa unaoua, na akimbizwe hospitali bila kungoja asubuhi. Chanjo yake ipo, na kila mmoja wetu aulize nyumbani kama aliikamilisha.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, na amwombe mwalimu wa biolojia aagize kichwa cha mbuzi kwa mwenye bucha kabla hakijatiwa chunguni. Kikikatwa kwa uangalifu mbele ya sikio, kisahani kitaonekana: cheupe, chenye kung'aa, chembamba katikati na kinene pembeni. Kimeshika kwa vidole, kikunje, kivute, uone ugumu wake. Ukiisha kukiona hutashangaa tena kwamba kimebeba kila ulichokitafuna tangu ulipoota meno; utajua tu kwamba kata hiyo umepewa moja kwa kila upande, na sokoni haiuzwi.